Nilimtunga muuguzi, mhadhiri akamsomea darasa zima

Shikamoo Mzee,

Ninasoma uandishi wa habari chuo kikuu, mwaka wa pili. Nina siku tisa tu za kuamua jambo, na nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza akanielewa.

Muhula huu tulipewa kazi ya kuandika makala ya maneno 1,200 kuhusu watu wanaofanya kazi wakati wengine wamelala. Sharti lilikuwa tuzungumze na watu wasiopungua watatu, ana kwa ana. Nilichagua wauguzi wa zamu ya usiku. Wawili niliwapata kupitia ndugu wa rafiki yangu, tukazungumza vizuri tu. Mmoja wao alinieleza kwa muda mrefu habari za viatu vyake vya mpira, kwamba mgonjwa asiyepata usingizi humjua kila muuguzi kwa nyayo kabla hajamwona, lakini hilo niliacha kuliandika kwa sababu niliona halina uzito.

Wa tatu sikumpata. Nikisema kweli, sikumtafuta. Nilisimama nje ya geti la hospitali jioni mbili mfululizo, saa ya kubadilishana zamu. Wauguzi wakapita mbele yangu mmoja mmoja na mdomo ukagoma kabisa. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi nikakaa chini nikamtunga. Nikamwita Bi R., mwenye miaka 22 kazini, aliyeomba jina lake lisitajwe. Nikampa maneno haya: "Usiku wodini hakuna saa, kuna pumzi tu." Nikamfanya aseme pia kwamba kuna usiku aliachwa peke yake na wagonjwa 40.

Mhadhiri alinipa alama ya juu kuliko wote. Ile sentensi ya pumzi akaisoma mbele ya darasa, akasema huo ndio usikivu anaoutaka kwa mwandishi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa makala ameipeleka kwa mhariri wa gazeti la wanafunzi, na gazeti linatoka baada ya siku tisa. Mhariri, naye ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ananidai namba ya simu ya Bi R. ili mpigapicha aende akampige hata mikono tu, sura isionekane.

Rafiki ninayekaa naye chumba kimoja ananishauri niseme Bi R. amekataa picha, yaishe. Anasema darasani kila mtu anatunga, na kuna wasiojichosha hata kutunga, wanaiagiza programu ya akili mnemba iwaandikie mahojiano mazima. Tena hii, anasema, ni kazi ya darasani, si habari.

Nina maswali matatu. Nifanye nini na makala hii? Je, mtu anayeogopa kumsemesha asiyemjua ana nafasi katika kazi hii, au nihamie kozi ya uhusiano wa umma ningali na muda? Na la mwisho: kaka yangu anasema shahada ya uandishi ni kupoteza miaka, kwamba waandishi wakubwa hawakuisomea. Ni kweli?

Ni mimi,
Mwenye Mdomo Mzito

*

Marahaba, mwanangu.

Makala haitoki. Na usinielewe vibaya kwamba umwondoe Bi R. kimyakimya, uzibe pengo, kisha uiache iende. Unaiondoa yote, na unaiondoa leo kabla hujamaliza kunisoma. Mtumie mhariri ujumbe mfupi: "Naomba makala yangu isitoke. Ina kosa kubwa nililolifanya mimi, nitakueleza nikishaonana na mhadhiri." Ukishautuma huwezi kuurudisha, na hiyo ndiyo faida yake. Mtu mwenye siku tisa hutumia nane kujishauri.

Sasa tuzungumze.

Rafiki yako anasema ni kazi ya darasani tu. Ilipokuwa mikononi mwa mhadhiri peke yake, sawa, ilikuwa udanganyifu wa mtihani, jambo kati yako na chuo. Ikichapwa inageuka tuhuma dhidi ya hospitali ambayo watu wanaifahamu: muuguzi kaachwa peke yake na wagonjwa 40. Msimamizi wa wodi ataisoma. Swali lake la kwanza litakuwa, nani kati yetu ameongea? Ataanza kuhesabu walio na miaka 20 na kitu kazini, na pale pengine wapo wanne. Atawauliza pia wale wawili waliokupa muda wao, ambao majina yao umeyaandika wazi. Hawatakuwa na la kujibu, kwa sababu hawajui maneno hayo uliyatoa wapi. Wewe utakuwa bwenini kwako unasoma kwa ajili ya jaribio. Katika barua yako nzima umewataja wauguzi hao kama ngazi ya kufikia idadi ya watatu, na hapo ndipo uliponisikitisha zaidi kuliko kwenye kutunga.

Mtu wa kubuni huwaletea taabu watu walio hai. Septemba 1980 gazeti la Washington Post la Marekani lilichapa habari ya mwandishi kijana, Janet Cooke, kuhusu mtoto wa miaka 8 aliyezoeshwa kudungwa heroini. Jiji likashtuka. Polisi wakaingia mitaani kumsaka mtoto huyo ili waokoe maisha yake, wala hawakumpata, maana hakuwepo. Mwandishi alishawaambia wahariri wake kwamba ameahidi kuficha majina na kwamba maisha yake mwenyewe yako hatarini, nao wakamwamini. Aprili 1981 habari ikashinda Tuzo ya Pulitzer, heshima kubwa ya uandishi wa habari Marekani, na ushindi ndio uliomfichua: wasifu wake ulipotangazwa, shahada alizodai kuwa nazo hazikulingana na zile alizokuwa nazo. Ndani ya siku chache alikiri, tuzo ikarudishwa, kazi ikaisha. Zingatia alivyojikinga: chanzo kimeomba jina lisitajwe. Ni kinga ileile uliyomvika Bi R. Kuficha jina la chanzo ni ahadi nzito ambayo wapo waandishi waliokubali kufungwa jela kuliko kuivunja. Kila anayeitumia kufunika uvivu au woga anampunguzia imani yule atakayeihitaji kesho kwa sababu ya kweli.

Na hili la "sema amekataa picha". Hapa nakuomba uwe makini kuliko kwingine kote. Uongo wa kwanza uliusema ukiwa umechoka, usiku, saa zimekwisha. Huu wa pili utausema mchana, umelala ukaamka, umeshauriana. Mtu akikusamehe wa kwanza, hana sababu ya kukusamehe wa pili. Mwaka 1998 Stephen Glass, kijana aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi chuoni kwake, aliandika kwenye jarida la The New Republic kisa cha mtoto mdukuzi na kampuni ya programu ambayo haikuwepo duniani. Mwandishi wa jarida la Forbes alipouliza kampuni iko wapi, Glass akaitengenezea tovuti. Walipotaka kuongea na bosi wa kampuni, akampanga ndugu yake ajifanye ndiye. Unaona ngazi zinavyopandwa? Kila swali dogo la mhariri lilimdai uongo mkubwa kuliko uliotangulia. Jarida lilipopekua lilikuta makala 27 kati ya 41 zina ya kubuni, nyingine zote kuanzia kichwa hadi mkia. Alihitimu shahada ya sheria, akafaulu mitihani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo la California ikakataa kumpa leseni ya uwakili kwa sababu ya mambo yale. Miaka 16 ilikuwa imepita.

Wewe leo mhariri anakudai namba ya simu tu. Hapo ulipo ndipo mahali rahisi kabisa pa kushukia.

Kuhusu mhadhiri: nenda ofisini kwake, usimwandikie. Usianze na machozi wala na hadithi ya getini. Sentensi ya kwanza iwe jambo lenyewe: "Muuguzi wa tatu kwenye makala yangu nilimtunga. Yale maneno uliyoyasoma darasani ni yangu." Kisha nyamaza. Atauliza kwa nini, hapo ndipo utaeleza. Mpelekee daftari lenye maelezo ya wale wawili, ajue kipi ni cha kweli. Mwambie makala umeshaiondoa gazetini. Kwa sababu hiyo nimekuhimiza uanze na mhariri, ili ukifika kwa mhadhiri usiwe unaomba ruhusa ya kufanya la haki.

Atakufanya nini? Kabla hujaenda soma kanuni za chuo chako kuhusu udanganyifu, maana vyuo vingi huweka kutunga data na kutunga mahojiano katika kifungu kimoja na kunakili mtihani. Huenda ukapewa sifuri, ukarudia somo, au jambo likafika kamati ya nidhamu. Sikudanganyi kwamba ukikiri utapigwa pambaja. Nimekuwa mhariri miaka mingi na nimewahi kuwafukuza watu wawili kwa kosa hili. Nimewahi pia kubaki na mmoja aliyeingia ofisini kwangu saa kumi na mbili jioni, mtambo haujawashwa, akasema, "Bosi, aya ya nne iondoe, huyo mtu hayupo." Nilimpa miezi sita ya kukaa dawatini akihakiki kazi za wenzake, namba kwa namba, jina kwa jina. Alikasirika sana. Akawa mhakiki mkali kuliko wote niliowahi kuwa nao, kwa sababu alijua mahali pa kutunga panavyonukia.

Panavyonukia, naam. Wasiojua hudhani maneno ya kutunga hugundulika kwa kupiga simu. Mara nyingi hugundulika kwa uzuri wake. "Usiku wodini hakuna saa, kuna pumzi tu." Mwanangu, hayo ni maneno ya mtu aliyekaa mezani na kalamu. Wodini ziko saa kila mahali. Muuguzi anaishi kwa saa: dawa ya saa nne, dripu ya saa nane, kupima joto, kuandika chati, kukabidhi zamu. Muuguzi halisi angekucheka. Ulimpa maneno ambayo wewe, usiyewahi kukesha wodini, ulidhani muuguzi angesema. Hapo ndipo kutunga kunapomnyima mwandishi: unapata kile tu ulichokuwa nacho tangu mwanzo. Hata hizo programu wanazotumia wenzako hufanya hivyohivyo kwa kasi zaidi. Huchota katika yaliyokwisha kuandikwa na watu, zikakuletea muuguzi wa wastani mwenye uchungu wa wastani. Hazijawahi kusimama getini.

Wewe ulisimama. Jioni mbili. Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu swali lako la pili ndilo barua yenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa nyumbani kwa familia iliyopoteza kijana wao kwenye ajali. Nilizunguka nyumba ile kama mwizi kwa saa nzima, nikarudi ofisini nikasema hawataki kuongea. Mhariri wangu, mama mmoja asiyeinua sauti, aliniuliza: "Nani kati yao aliyekwambia hataki?" Nikakosa jina. Akanirudisha. Nilibisha hodi, baba wa marehemu akafungua, akasema alikuwa anashangaa mbona tangu asubuhi hakuna aliyekuja kuuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Sikuacha kuogopa tangu siku hiyo; mpaka nastaafu tumbo lilinikoroga kabla ya kubisha hodi. Nilichojifunza ni kwamba woga wangu hauna habari yoyote kuhusu mtu aliye nyuma ya mlango.

Tena, waoga mara nyingi ni wasikivu kuliko wasemaji. Wanaojua kuongea sana hurudi na daftari lililojaa maswali yao wenyewe.

Ila woga unahitaji mbinu, hauponi kwa kuuonea aibu. Ulisimama mahali pabaya. Saa ya kubadilishana zamu, anayeingia amechelewa na anayetoka anataka kitanda chake. Hata mimi wangenipita. Tafuta mtu aliyekaa au anayesubiri: kwenye benchi, kwenye foleni, mahali pa kupatia chai. Nenda na utambulisho mfupi uliokwisha kuufanyia mazoezi kwa sauti: jina lako, chuo chako, unachoandika, kitachapwa wapi, unaomba dakika tano. Useme wote kabla ya swali lolote, kwa sababu mtu anayejua wewe ni nani huacha kukuogopa, maana naye anakuogopa. Swali la kwanza liwe la kujibika bila kufikiri, kama zamu yake imeanza saa ngapi. La pili aeleze kitu alichokifanya jana, kuanzia mwanzo. Usimuulize anajisikiaje, atakujibu kama bango la hospitali. Akimaliza kujibu, hesabu moja hadi nne kimoyomoyo kabla hujauliza jingine. Kimya kinamsumbua yeye kuliko wewe, atakijaza, na mara nyingi kinachokuja hapo ndicho ulichokifuata. Mwishoni mwombe akuandikie jina lake kwa mkono wake, uchukue namba, umsomee maneno utakayomnukuu. Akikataa kuongea tangu mwanzo, mshukuru uende kwa mwingine. Wanane kati ya kumi wakikukatalia, una mahojiano mawili, na hakuna aliyekupiga.

Jiwekee kodi: mtu mmoja usiyemjua kila siku, wiki sita, hata kama huna kazi ya kuandika. Muulize tu anafanya nini na kwa nini hivyo. Ukikuta baada ya wiki hizo bado unaumwa, ujue pia kwamba chumba cha habari kina milango mingi. Kuna wanaosoma bajeti na ripoti za ukaguzi hadi wakakuta tarakimu isiyokaa sawa. Kuna wa takwimu, kuna wahariri wa lugha na wapangaji kurasa. Hata msoma nyaraka, hata hivyo, siku moja itabidi ampigie simu anayetajwa ndani yake ampe nafasi ya kujibu. Hakuna kona ya kazi hii isiyo na hodi hata moja.

Uhusiano wa umma? Nimecheka kidogo, nisamehe. Ofisa uhusiano ndiye anayepigiwa na wageni kumi kwa saa moja siku ambayo mambo ya mwajiri wake yameharibika. Kama unaipenda kazi hiyo kwa yenyewe, nenda. Kama ni pa kujificha, umechagua uwanja wa mpira.

La kaka yako ni jepesi. Yuko sahihi nusu. Carl Bernstein aliacha chuo bila shahada, na Bob Woodward alisoma historia na fasihi ya Kiingereza. Wawili hao ndio waliofukua kuanzia 1972 kashfa ya Watergate, iliyomng'oa madarakani Rais Nixon wa Marekani. Hata Walter Williams, aliyeanzisha chuo cha uandishi katika Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1908, mwenyewe hakuwahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Lakini angalia alichokifanya: siku ileile masomo yalipoanza, wanafunzi wake walitoa gazeti halisi la kusomwa na wakazi wa mji, walimu wakiwa ndio wahariri. Shahada inafaa pale inapokupa kitu hicho, mahali pa kukosea mbele ya mtu mwenye wajibu wa kukukamata kabla msomaji hajaumia. Ongeza na somo moja la pembeni lenye mifupa, sheria, uchumi au takwimu, ili siku ukipewa ripoti ya kurasa mia mbili usitegemee muhtasari wa mwenye ripoti. Hilo litoshe kwa kaka.

Nimebakiza jambo moja, nalo lina siku chache. Wapigie simu wale wauguzi wawili wewe mwenyewe. Waambie makala waliyoisubiri haitoki, na kwa nini, wasije wakasikia kwa mtu mwingine. Anza na yule wa viatu, kwa sababu yeye ndiye aliyekupa makala na ukaiacha chini. Mgonjwa aliye macho saa tisa usiku anayemjua muuguzi kwa nyayo: hilo hukulijua wewe, hata mimi sikulijua, wala Bi R. asingeweza kulijua. Kama hatakata simu akishasikia ulichokifanya, muulize ni mgonjwa gani aliyemwambia hivyo mara ya kwanza, na viatu vya zamani vilikuwa vinaliaje.